Kivimbe kwenye ovari nikiwa natumia tamoksifeni

Ukishaugua saratani ya titi, kivimbe kingine popote mwilini kinakukata maini. Ripoti ya ultrasaundi niliyopewa kwenye kituo kimoja hapa Moshi mjini ilisema ovari ya kushoto ina kivimbe cha sentimita 4. Niliisoma kwenye daladala ya Majengo, nikajua basi, ugonjwa umeshuka kwenye kizazi.

Kliniki ya KCMC nilimwomba daktari wangu wa saratani anisomee ripoti mstari kwa mstari. Alishika kalamu akapigia mstari sehemu ambazo mimi nilizipita: ukuta mwembamba, ndani maji matupu, hakuna vigawanyo, hakuna sehemu ngumu. "Mama, hivi ndivyo tunavyopenda kiwe," akasema. Kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, kivimbe cha aina hiyo kisichozidi sentimita 5 mara nyingi hupotea chenyewe. Kingekuwa na kinyama ndani chenye mishipa ya damu, au maji yamejaa tumboni, asingengoja.

Nikamuuliza kimetoka wapi. Tamoksifeni, vidonge ninavyomeza kwa ajili ya saratani ya titi, huizuia estrojeni, homoni ya kike, isishike kwenye chembe za titi, ila kwa sisi ambao hatujakoma hedhi, dawa hiyohiyo huzichochea ovari. Kifuko cha yai kinakua, hakipasuki, kinabaki na maji yake. Estrojeni kwenye damu inaweza hata kupanda, na bado titi linalindwa. Maelezo haya yalinituliza kuliko pole zote nilizopewa.

Dada yangu alinisihi niache vidonge. Sikuacha, na ninawaomba wenzangu msiache bila daktari wenu kusema.

Fomu yangu ya kwanza ilikuwa imeandikwa "maumivu ya tumbo" tu, kwa hiyo aliyenipima hakujua natumia dawa gani. Kipimo cha marudio nilihakikisha imeandikwa tamoksifeni, tarehe ya hedhi ya mwisho, na kama kwetu kuna aliyewahi kuugua titi au ovari. Hilo la ukoo lina uzito wake, maana hitilafu za jeni za BRCA1 na BRCA2 hurithiwa na huongeza hatari ya saratani zote mbili.

Kivimbe kilikuwa kimesinyaa. Safari hii daktari aliuliza zaidi kuhusu damu ukeni, kwa kuwa tamoksifeni inaweza kunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi. Damu ikitoka nje ya utaratibu wake, alisema, nisingoje tarehe ya kliniki.