Risasi Moja

"Baba, simu yako mbovu. Nikibonyeza, risasi haitoki."

Jumapili, mvua imetufungia ndani hapa Sakina, Arusha, umeme umekatika, nami nimempa binti yangu simu acheze Galaxian, gemu ya zamani ya ndege inayopiga wadudu wa angani, ili nipate usingizi kidogo. Usingizi ukaruka. Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, utotoni kule Moshi, tena kwa kelele.

Banda la gemu la Fundi kule Majengo lilikuwa na benchi mbili na televisheni ya chogo, nyeusi na nyeupe, ambayo ikianza kutetemeka inapigwa kofi. Hamsini ya kifaru, dakika tano. Wenzangu wote walitaka gemu ya vifaru vya vita. Mimi nilitaka hiihii Galaxian, iliyokuwa kwenye kaseti hiyohiyo: nyota zinashuka polepole gizani, wadudu wamejipanga juu, na mngurumo wa chini kwa chini kama friji ya jirani usiku. Ilikuwa fupi. Mikononi mwangu haikufika hata dakika tatu, lakini nikilala naziona zile nyota.

Siku hiyo nilitumwa sukari Mbuyuni, chenji ikabaki. Mnanijua.

Bosi wa wadudu akashuka na walinzi wawili. Walinzi nikawaangusha wote. Yeye akifuata ni pointi 800. Nikafyatua, nikakosa. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mpaka kidole gumba kikauma, nikahamia kitufe cha turbo, kile cha kufyatua mfululizo, kimya vilevile. Bosi akanikalia.

Nikapanda juu ya benchi. "Mwizi wewe! Umetuwekea pedi mbovu ili tufe haraka utule hela!"

Fundi hakujibu. Alichomoa bisibisi mfuko wa shati, akaifungua pedi mapajani, skrubu akaziweka kwenye kizibo cha soda zisipotee. Akatoa kile kimpira cha ndani, akakipangusa kwa pindo la shati. Akasugua bodi kwa kifutio cha penseli, akapuliza vumbi, akasugua tena. Banda zima kimya, hata watoto waliokuwa wakichungulia kwenye matundu ya bati. Akafunga, akajaribu mwenyewe. Akafyatua, akakosa, akabonyeza tena. Kimya. Akaitazama pedi, kisha akanitazama mimi.

"Shika hela yako, dogo."

Nikaipokea. Nikatoka kifua mbele kama niliyeshinda kesi. Wiki ile kila aliyekufa alidai hamsini yake. Sisemi banda lilifungwa kwa sababu yangu. Lilifungwa tu, baadaye pakauzwa vocha.

Sasa nimeshika simu, mvua inapiga bati, na ndiyo kwanza naona. Puani pa ndege kuna kijirisasi kidogo. Ukifyatua kinaondoka, na kingine hakiji mpaka hicho kimgonge mdudu au kitoke juu ya skrini. Risasi moja kwa wakati mmoja. Namco, kampuni ya Japani, waliitengeneza hivyo mwaka 1979, na ile ya kwenye kaseti, ya mwaka 1984, ikafuata sheria hiyohiyo. Ukikosa, unasubiri, na anayekushukia hasubiri. Kumbe hata wale walinzi ni wekundu! Mimi miaka yote nawajua wa kijivu.

Fundi je, alijua? Kama alijua, kwa nini alifungua pedi? Na kama hakujua, basi alitoka pale akiamini ametuibia kweli. Sijui lipi lingenipa nafuu.

"Simu nzima," nikamwambia binti. "Subiri kwanza ile ya juu ipotee."

"Kwa nini nisubiri?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa."

Alinitazama kama ninavyomtazama konda anayesema hana chenji. Kisha akanirudishia simu, akaniomba gemu nyingine.