Massaman ya Nyali na nazi ya mkebe

Jamani tangu nirudi Mombasa watu waniuliza kitu gani cha London nakikosa, wanangojea niseme treni ama baridi, mimi nawaambia chakula cha Kithai. Wanashangaa. Lakini kule kupata wali wa nazi na kuku wa kupaka ni mpaka ualikwe kwa mtu, na mkahawa wa Kithai uko karibu kila mtaa, hata baa nyingi tu jikoni kwao ni Wathai. Siku nilipoonja mchuzi wao unaoitwa massaman nilimpigia mamangu simu hapo hapo mezani. Tui zito, nyama imeiva mpaka yakatika na kijiko, viazi, njugu, ukwaju kwa mbali, halafu mdalasini, iliki, karafuu na bizari ya pilau. Yaani viungo vya pilau vyote vimetiwa kwenye tui! Na wenyewe Wathai wasema asili yake ni kwa Waislamu, wafanyibiashara waliokuja na merikebu, na kuna shairi linalonasibishwa na mfalme wao Rama wa Pili, aliyetawala 1809 hadi 1824, linausifia mchuzi huo. Mfalme kutunga shairi la mchuzi, hilo watu wa Mvita tunalielewa bila kuelezwa.

Sasa nimerudi nikakuta kuna mkahawa mdogo wa Kithai Nyali, ukishavuka daraja si mbali, basi nikamchukua mamangu. Ikaja tom yum kwanza, supu yao, akainusa akasema huu si mchaichai wangu wa mlangoni? Ndio wenyewe. Pilipili nayo ilitoka Amerika, na Wareno ndio waliohusika sana kuisambaza huku Bahari ya Hindi, wale wale walioanza kujenga Fort Jesus 1593 na ambao mwaka 1511 walishapeleka mjumbe Ayutthaya, mji mkuu wa Wathai wakati huo. Kwa hivyo mimi sikubali mtu akiniambia hicho ni chakula cha kigeni, hata tuktuk wanazo.

Pad thai tuliila pia, mie tamu tu, ila hiyo ni ya juzi, serikali ya waziri mkuu wao Phibunsongkhram ndiyo iliyoipigia debe miaka ya 1930 na 1940.

Massaman ndiyo niliyokuwa nikiingojea. Mamangu akaonja kimya, kisha akamwita kijana aliyetuhudumia, "Baba, nazi hii mwakuna wenyewe?" Kijana kwa adabu akajibu, "La mama, ni ya mkebe." Basi mamangu akageuka kunitazama, na soko la Kongowea liko hapo karibu nazi zimerundikwa. Mimi hili limeniuma kweli. London nilikula tui la mkebe kwa sababu hakuna jingine, lakini Mombasa? Na si ladha tu, ni kazi yenyewe ya kupika. Mpishi wa Kithai hulichemsha lile tui zito la kwanza mpaka likatike mafuta yatoke juu, ndipo akaange viungo vilivyopondwa kwenye mafuta hayo, ndiyo harufu inapotoka. Yale ya mkebe mengi yametiwa vitu vya kulishika lisitengane, kwa hivyo hukatika kwa shida. Mamangu alipolisikia hilo alishangaa sana, maana sisi twakoroga bila kupumzika tui lisikatike, na wao wataka likatike! Tukakaa tukibishana hilo mpaka chai ikapoa.

Tena wana wali wa kunata na embe, umemiminiwa tui. Nikiufikiria ule na ngowe iliyoiva, msimu wake ukifika, na nazi iliyokunwa kwa mbuzi asubuhi ikakamuliwa kwa kifumbu, sioni mji gani nje ya Thailand ungeushinda huu kwa chakula hicho.

Mpishi alitoka jikoni, mamangu akamwelekeza kwa muuzaji wake wa nazi pale sokoni, yeye akaandika kwenye simu. Wakibadilisha nitawaambia. Kwa sasa ukienda agiza tom yum ile ya maji, isiyotiwa tui, mchaichai wao ni mbichi na ndimu hawaibanii.