Panzi waliovuka ukanda mweusi

"Baba, huyo chui ni wa ukweli?"

Juzi usiku huyo, badala ya kulala kanikalia pajani tunaangalia kwenye laptop Life of Pi, ile filamu ya kijana aliyebaki kwenye boti na chui milia baada ya meli kuzama, na mimi bila kufikiri nikamjibu ni wa kompyuta, wamemtengeneza unywele kwa unywele, wale wa ukweli wanaonekana sehemu chache tu na yule kijana hakupandishwa boti moja na mnyama hata siku moja. Na bahari je? Bahari nayo bwawa, walilijenga kwenye kiwanja cha ndege cha zamani huko Taichung, Taiwan, lina mashine za kupiga mawimbi. Akanyamaza. Nami nikanyamaza maana nilimkumbuka mjomba.

2013, Bagamoyo, kile kibanda umiza cha njia ya soko la samaki, kiingilio shilingi 300. Watu walifuata mpira, mpira ukaisha, mwenye kibanda akaweka CD iliyotafsiriwa, na mtafsiri kila chui akitokea anasema "simba huyo!" mpaka mmoja nyuma akapayuka, simba gani ana mistari? Mjomba pembeni yangu anakoroma, katoka baharini alfajiri.

Halafu kile kipande cha panzi, wale samaki wanaoruka juu ya maji. Picha ikajibana, ule ukanda mweusi wa juu na chini ukanenepa kidogo, mtu usingegundua. Panzi wakaanza kuruka, mmoja, watatu, kundi zima, wanampiga kijana usoni, anajikinga, na baadhi yao wakavuka ule ukanda, yaani samaki katoka nje ya picha kabisa, anapaa juu ya weusi! Mwongozaji, Ang Lee, aliitengeneza iangaliwe na miwani ya 3D. Sisi tulikuwa na TV ya chogo yenye vumbi, miwani hatuna, na bado benchi zima la mbele likainama. Kitabu cha Yann Martel, filamu ilikotoka, nilikuja kukisoma baadaye, panzi wamo, ila kwenye kitabu hawana ukanda wa kuvuka.

Kelele zikamwamsha mjomba. "Wametoka! Wale wametoka nje!" Akainuka, akaenda mpaka kwenye TV, akagusa ule ukanda mweusi kwa kidole chake chenye kovu la mshipi, taratibu, kama mtu anayepima kama sufuria bado ya moto, huku watu wanamfokea mzee kaa chini unatuziba. Aliporudi hakusinzia tena. Mawimbi aliyapasisha yote. "Hiyo ni kusi kabisa," akasema, "aliyepiga picha hii kaloa." Huyo aliyepiga, Claudio Miranda, alipata Oscar mwaka huohuo, ila sidhani kama kuna sifa aliyopewa inayoizidi hiyo.

Jenereta ikaishiwa petroli pale chui anapoingia msituni Mexico bila hata kugeuka nyuma. Tukajua ndio mwisho. Njia nzima mjomba analalamika, siku zote zile baharini, hata kwaheri hakuna? Na miaka yote hii bado anaisimulia pale wanaposhonea nyavu, na ukimbishia kuhusu chui mtagombana.

Zile dakika zilizobaki nilikuja kuziona chuoni. Kijana yuko hospitali, Wajapani wawili wamekuja kuuliza meli ilizamaje, hawaiamini habari ya chui, basi anawapa nyingine, haina mnyama hata mmoja, ni watu tu kwenye boti na waliyofanyiana. Nilizima nikatoka nje.

Sijawahi kumwambia mjomba. Wala hilo la bwawa sijamwambia.

Idi hii tunaenda Bagamoyo na laptop tunayo, mama watoto anasema mwonyeshe mzee wa watu amalizie filamu yake, mimi nafikiria kuzikata zile dakika za mwisho. Ila huyu mtoto sasa, hana siri hata ya pipi.