Namna nilivyozipambanua "rudisha" za Kiingereza

Nakodisha baiskeli Paje, mashariki ya Unguja. Maji yakipwa, wageni hupenda kuendesha kwenye ule mchanga mgumu wa pwani. Kazini "rudisha" halikauki mdomoni: baiskeli irudishwe, pampu irudishwe ilipotolewa, mgeni arudishiwe pesa yake ya dhamana. Sisi neno moja linatutosha. Wenzetu wana return, bring back, take back, give back, put back, send back, pay back, na kamusi yangu ndogo imeandika "rudisha" mbele ya karibu yote. Hapo kamusi inakusaidia nini?

Nilichofanya ni kuisahau "rudisha" kabisa. Kabla ya kufungua mdomo najiuliza: kama kusingekuwa na habari ya kurudi, kitendo chenyewe ni kipi? Kuleta, kupeleka, kumpa mtu, kuweka mahali, kutuma, kulipa? Nikishakipata, nakitia Kiingereza chake na kukifungia "back". Pampu inawekwa kwenye ndoano yake, basi ni put it back. Ufunguo wa kufuli nampa mwenyewe mkononi, give it back. Deni ni kulipa, kwa hiyo pay back, na hata kisasi kinakubali neno hilo, kama sisi tunavyosema lipa na lipiza.

Bring na take ndizo zinazowasumbua wengi, na ajabu ni kwamba Mswahili anazijua tangu utotoni. Ni leta na peleka. Mgeni yuko mbele yangu kibandani, namwambia "bring it back before six", yaani ailete hapa nilipo. Nikikutana naye hotelini kwake, nami sirudi kibandani siku hiyo, namwambia "take it back to the shop": aipeleke. Na nikiwa mimi ndiye ninayemfuata aliko, nasema "I'll bring it back to you", kwa kuwa hata kwetu ningesema nitakuletea, si nitakupelekea.

Take ina ukorofi wake, kwa sababu ni peleka na ni chukua pia. Mteja anaweza ku-take back kiatu dukani, na duka nalo likakubali ku-take it back. Hapo sikiliza nani anatenda. Na mtu akikuambia "I take it back" baada ya kukutukana, hakuna kiatu: anafuta kauli yake.

Send back nayo haihitaji posta. Samaki akija mezani mbichi ndani, mgeni anam-send back jikoni.

Return yenyewe naiweka kwa maandishi. Ubaoni nimeandika "Please return bicycles by 6 pm", ila kwa mdomo ingesikika kama tangazo la bandarini. Tena imebeba rudi na rudisha pamoja, kwa hiyo ikikosa kitu mbele yake anayerudi ni mtu. Na "back" imo ndani yake tayari. "Return back" tunayoisikia kila siku huku kwetu ina mkia wa ziada. Jambo jingine ni mpangilio: "it" hukaa katikati, give it back, haisogei mwisho. Ukitaja kitu kwa jina lake, popote sawa: bring the bike back, bring back the bike.

Kuhusu dhamana, sihangaiki na refund. Ninayemtazama ni mgeni, naye anapata, basi "you'll get your deposit back". Sentensi hiyo inawatuliza kuliko risiti.

Get back ina matumizi mengine pia, ya kujibu. Maofisini kwetu huandika "kindly revert" wakimaanisha tafadhali nijibu, na wageni wengine, ambao kwao revert ni kurudia hali ya zamani, hushangaa wanatakiwa wageuke kuwa nini. Mimi naandika "please get back to me". Ila mgeni akiuliza bei, akatabasamu na kusema "I'll get back to you", baiskeli nampa anayefuata.