Kifungu cha Tisa

Asubuhi ya Jumapili moja mwishoni mwa Mei 2017, tukiwa tunakula mahamri kwa mbaazi, mwenzangu niliyepanga naye nyumba ya vyumba viwili huko Tudor, Mombasa, aliniarifu kwamba alikuwa amepata kazi Nakuru na kwamba angeondoka mwisho wa Juni. Nilimpongeza kwa dhati, kwa kuwa alikuwa ameitafuta kazi muda mrefu. Jioni, nikiosha vikombe, ndipo nilipokumbuka kwamba mkataba wetu ulikuwa bado na miezi saba.

Kodi ilikuwa shilingi 24,000, kila mmoja wetu akitoa 12,000. Nilikwenda kwa mwenye nyumba, nikamwamkia, nikamweleza kuwa kuanzia Julai ningelipa nusu yangu, naye atafute mtu wa chumba cha pili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa upole ulioniudhi kuliko ukali: "Mwanangu, mimi sikuwapangisha vyumba, niliwapangisha nyumba."

Nilitoka pale nikiamini kwamba nimedhulumiwa. Jirani yetu wa chini, karani mstaafu wa mahakama, aliuomba mkataba, akausoma barazani huku kidole chake kikiufuata kila mstari hadi kifungu cha tisa, penye maneno niliyoyatilia sahihi bila kuyasoma: wapangaji watawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Alinifafanulia kwamba mwenye nyumba angeweza kumdai kodi nzima yeyote kati yetu, na kwamba kugawana nusu kwa nusu yalikuwa mapatano yetu wenyewe yasiyomhusu. Nikamuuliza juu ya Baraza la Kodi, nililozoea kulisikia likitajwa kuwa kimbilio la wapangaji. Alicheka. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inazihusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, "na ukiipata ya bei hiyo hapa Tudor, niite nami nihamie." Kodi ikilimbikizwa, akaongeza, mwenye nyumba anaweza kumtuma dalali mwenye leseni azuie mali iliyomo ndani, na mali ambayo ingebaki ndani ilikuwa yangu, maana mwenzangu alikwisha kuanza kufunga yake.

Mwenzangu naye alikuwa na hesabu zake. Alitaka nimpe nusu yake ya diposti kabla hajapanda basi, akishikilia kwamba alikuwa ametoa notisi ya mwezi mzima. Kweli aliitoa, lakini aliitoa kwangu, mezani, penye mahamri. Mwenye nyumba hakuandikiwa hata mstari mmoja, na diposti ilikuwa mikononi mwake hadi nyumba itakaporejeshwa. Tuligombana kwa sauti ambayo bado naionea haya.

Julai nililipa 24,000 peke yangu. Agosti aliingia kijana muuguzi, na karani akatuandikia barua fupi, ambayo mwenye nyumba aliitia sahihi, ikimfungua mwenzangu kuanzia tarehe 1 Agosti na kumweka muuguzi mahali pake, hata katika diposti. Zile 12,000 za nusu ya diposti ambazo muuguzi alipaswa kumrejeshea mwenzangu zilikuja kwangu, kufidia Julai. Mwenzangu alipiga simu kutoka Nakuru akiwa amehamaki. Nilimsikiliza, kisha nikampigia picha kifungu cha tisa nikamtumia.