Nilivyopunguza spidi mpaka nikaanza kuiona siku yangu

Naandika hii kwa ajili ya mtu anayeamka alfajiri, anakimbizana na usafiri, anapiga kazi, anarudi, analea, analala, halafu ukimuuliza leo ilikuwaje anakwambia kawaida tu, maana kwa kweli hakuna anachokikumbuka. Mi ndo nilikuwa hivyo kwa miaka. Naishi Kigamboni, Dar es Salaam, kazini ni mjini upande wa Posta, ofisi ya mambo ya kutoa mizigo bandarini, na hiyo kazi wanaoijua wanaijua, simu haziishi, mteja huyu anataka kontena lake, yule karatasi zake hazijakamilika, na mzigo ukichelewa kutoka gharama zinapanda kila siku. Kwa hiyo kichwa kinazoea kutangulia. Niko bafuni nawaza kivuko, yaani pantoni, niko kwenye pantoni nawaza ofisi, niko ofisini nawaza mtoto kala nini, nikifika kwa mtoto nawaza kesho.

Kuna siku mama alinipigia kutoka Tanga, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaniuliza mchana umekula nini. Nikanyamaza. Kula nimekula, hilo nalijua, ila nini hasa sikukumbuka kabisa, na hapo ilikuwa ndo kwanza saa kumi jioni. Mama akacheka akaendelea na habari zake za shangazi na harusi ya mtaani, ila mimi lile swali likanikaa. Nikawaza, kama chakula cha mchana tu kimepita sijakiona, vingapi vingine vinapita?

Pa kuanzia kupunguza spidi palikuwa kwenye sala, na wala sikupanga. Tuliosoma madrasa tulifundishwa habari ya tumaanina, yaani ukirukuu utulie mpaka kila kiungo kikae mahali pake ndo uinuke, ukisujudu hivyo hivyo. Ustadhi wetu alikuwa anatusimulia ile hadithi ya bwana aliyeingia msikitini akaswali haraka haraka, akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.), akaambiwa rudi ukaswali kwani hujaswali, na akarudishwa mara tatu. Tena kuna katazo la kudonoa sijida kama kunguru. Sisi wa Dar kunguru tunawajua jamani, anadonoa anaangalia kulia, anadonoa anaangalia kushoto, na ukweli ni kwamba hivyo ndivyo nilivyokuwa naishi kutwa nzima, siyo kwenye sala tu.

Basi adhuhuri moja pale ofisini, kwenye kachumba ketu ka kuswalia, nikasema leo siinuki kwenye rukuu mpaka nisikie mgongo umelegea. Nikatulia. Nikaanza kusikia vitu, ubaridi wa maji ya udhu bado uko mikononi, nyuzi za mswala chini ya paji la uso, feni inazunguka juu, mtu anacheka kule kwenye korido. Sala ilirefuka kidogo tu na hakuna kontena lililopotea. Nilipotoa salamu nikabaki nimekaa nikasema alhamdulillah, na safari hiyo nilikuwa najua nashukuru nini: maji yapo, magoti yananibeba, kuna mwenzangu ana furaha hapo nje.

Hapo ndo niliposhika kitu ambacho kwangu ndo kiini cha yote haya. Ili ushukuru inabidi kwanza uwe umeona. Zamani nilikuwa nashukuru kwa jumla, afya, uzima, familia, maneno yale yale kila usiku na moyo haustuki, sababu sikuwa nimeupa kitu cha kushika. Ukiona kimoja, hata kidogo namna gani, shukrani inakuja yenyewe bila kuiburuza.

Toka hapo nikahamia kwenye pantoni. Wasioijua, ni kivuko cha kutoka Kigamboni kuja Magogoni, asubuhi mnajaa mle kwenye banda la kusubiria, geti likifunguliwa watu wote mbio, magari yanapanda, bodaboda, mikokoteni, mama na ndoo zao za samaki, halafu safari yenyewe ni dakika chache tu. Siku hizi simu inaingia kwenye pochi, zipu inafungwa, haitoki mpaka ng'ambo. Nasimama pembeni kwenye vyuma. Kule mbele unaliona kanisa la Azania Front na paa lake la vigae vyekundu, limejengwa na Wajerumani zaidi ya miaka mia iliyopita, na mimi nimelipita miaka yote hiyo nikilichukulia kama ukuta tu. Boti ya Zanzibar inatoka inaacha povu. Upepo wa asubuhi una harufu ya chumvi na mafuta ya dizeli, ukikaribia soko la samaki la Feri inaingia ya samaki. Navuta pumzi taratibu, natoa taratibu zaidi ya nilivyovuta, na hii siyo imani ya mtu tu, ukitoa pumzi mapigo ya moyo yanashuka kidogo, ndo maana kurefusha kutoa kunatuliza mwili. Nikishuka pale Magogoni matatizo ya ofisini yako palepale, ila mimi nafika nikiwa mtu mzima siyo vipande.

Baadaye nikakutana na utafiti wa watu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, Killingsworth na Gilbert, wa mwaka 2010. Walikuwa wanawastua watu kwenye simu saa yoyote ile wanawauliza unafanya nini sasa hivi, unawaza nini, unajisikiaje. Watu kama 2,250. Wakakuta asilimia 46.9 ya muda akili ya mtu haiko kwenye kile anachokifanya, yaani karibu nusu ya maisha mtu hayupo, na wakati akili imetanga watu walikuwa na furaha pungufu kuliko ilipokuwa imetulia, hata kama shughuli yenyewe haipendezi. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata waliokuwa wanawaza mambo mazuri hawakuwazidi furaha wale waliokuwepo palepale. Nilisoma hiyo nikakumbuka foleni zote nilizokaa nikijiliwaza na likizo ya Desemba.

Sasa chungwa. Pale nje ya Feri kuna kaka anauza machungwa ya Muheza kule Tanga, kwetu hayo, na ndo maana nilimchagua yeye. Haya machungwa ukiyaangalia kwa nje ni ya kijani hata yakiwa yameiva kabisa, kwa sababu kwetu hakuna ubaridi wa kuondoa ule ukijani kwenye ganda, kwa hiyo mgeni anaweza kudhani bichi. Kaka anashika kisu, anaanzia juu anazungusha, ganda linashuka limekunjamana kama utepe bila kukatika, anaacha ile nyama nyeupe, halafu anakata kofia anakupa. Zamani nilikuwa namwambia fanya haraka kaka nachelewa, nalimaliza huku natembea na kusoma meseji. Siku hizi nasimama pembeni ya toroli lake. Nanusa kwanza, yale mafuta ya ganda yanayoruka kisu kikipita, yanabaki kwenye vidole mpaka mchana. Halafu ndo nafyonza, polepole, nasikia uchachu kwanza, utamu unafuata nyuma. Mwanasayansi mmoja wa Massachusetts kule Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianzisha mafunzo ya namna hii hospitalini mwaka 1979 kwa wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu, na zoezi lao maarufu ni kula zabibu kavu moja tu, unaiangalia, unainusa, ndo unaitafuna. Mi nina chungwa langu, na nikilimaliza huwa namwambia yule kaka ahsante kwa kutua, nikimtazama usoni, naye siku hizi ananichagulia lenye ganda laini lenye maji mengi.

Nisimdanganye mtu, kuna siku haiwezekani. Mwisho wa mwezi ofisini ni moto, mtoto akipandisha homa usiku huwezi kuniambia habari za kunusa machungwa, na kodi ya nyumba hailipwi kwa kuvuta pumzi. Siku kama hizo nasubiri tu sala inayofuata naanzia hapo. Na kitu kingine nasema kwa uzito, kama mtu halali wiki nzima, hali, hana hamu na chochote, anawaza kujidhuru, hiyo siyo haraka za mjini, inaweza kuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, aende hospitali aongee na daktari na asiachwe peke yake.

Kitu kilichonipa furaha kubwa kuliko vyote ni kumsuka binti yangu Jumapili jioni. Hii ilikuwa kazi niliyoichukia, nilikuwa namsuka huku tivii inaongea na simu iko pajani, navuta nywele, analia, nafoka. Sasa tunakaa kibarazani kwenye mkeka, yeye katikati ya miguu yangu, mafuta ya nazi kwenye kisosi. Nagawa mstari kwa mkia wa kitana, naenda polepole maana utosini anaumia upesi na hilo sikuwa nalijua, nimelijua baada ya kutulia. Ana kidoa kidogo cheusi nyuma ya sikio la kushoto. Na anaongea! Mtoto ambaye nikimuuliza shule vipi ananijibu nzuri tu, akisukwa bila haraka ananimwagia kila kitu, nani kampokonya penseli, mwalimu kasema nini, kwa nini hampendi rafiki yake wa zamani, na juzi kaniuliza mama kwani wewe ulivyokuwa mdogo bibi naye alikuwa anakusuka hivi hivi. Tukampigia bibi hapo hapo atujibu mwenyewe, wakaongea wao mpaka vocha ikakata.

Mume wangu alianza kwa kuniangalia tu, sikumshawishi. Usiku kabla ya kulala namwambia kitu kimoja nilichokiona mchana, kimoja tu na kiwe mahsusi, siyo siku ilikuwa njema bali leo kuna mzee kwenye pantoni alikuwa anamfunika mjukuu wake upepo kwa koti. Sasa naye anakuja na chake, yeye anaendesha gari la mizigo kwa hiyo vyake vingi ni vya barabarani.

Ramadhani ikifika tumekubaliana tujaribu kwenye futari. Mnajua tunavyofuturu, adhana inaanza tu mkono umeshafika kwenye sambusa, uji unaunguza ulimi, dakika kumi watu wamejaa na hakuna aliyeonja kitu. Tunataka tende na maji kwanza, kila mtu atafune taratibu mpaka amalize, hakuna tivii, hakuna simu mezani, halafu ndo vingine vipakuliwe. Binti keshasema yeye ndo atakuwa anagawa tende.