Nasikia, Baba. Soma Tu

Mkurugenzi mpya ameripoti ofisini, binti wa shangazi kajifungua mapacha, na mimi wiki nzima usingizi unanikwepa kwa ajili ya maneno yaliyosemwa gereji.

Mdogo wangu wa Leeds, Uingereza, mnamjua. Lile gari lake la mwaka 2005 limefeli kipimo cha moshi. Kule gari likishatimiza miaka mitatu linapimwa kila mwaka, na si kupimwa kwa macho, trafiki azunguke aangalie tairi na taa. Wanachomeka mrija kwenye bomba la moshi, wanakanyaga mafuta hadi injini izunguke kati ya mara 2,500 na 3,000 kwa dakika, mashine inatoa karatasi. Kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2. Lambda, ule uwiano wa hewa na petroli, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Yake ilisoma 0.64 na 1.07. Wakamwambia masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya bomba, yamekufa, ajiandae na kama pauni 400.

Alipiga Jumamosi nikiwa gereji Kizota, hapa Dodoma, nimepeleka gari kubadilisha oili. Nikaweka spika, maana fundi ndiye aliyemfundisha kushika spana. Akiwa darasa la tano alikuwa akitoka shule anakwenda moja kwa moja chini ya ule mwarobaini, kazi yake kutafuta "kumi na nne" kwenye ndoo ya vifaa. Nilijua watafurahi kusikiana.

Fundi akasema, "Mwulize karatasi inasema lambda ngapi."

Na yeye, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa: "Dada, fundi wa Kizota atajulia wapi mambo ya lambda? Niulizie tu kama masega yanazibuka, nipunguze gharama."

Kijana aliyekuwa akijaza tairi upepo alinitazama mimi, hakuitazama simu. Fundi alikuwa anafuta mikono kwa kipande cha fulana, ile oili iliyokwisha kuingia kwenye mistari ya viganja ambayo hata sabuni ya unga haiitoi. Akaiinamia simu.

"Nasikia, baba. Soma tu."

Nimeirudia kichwani kwa kila sauti. Kwa upole. Kwa kejeli. Kwa sauti ya mtu aliyechoka na watu. Nikiwa kwenye daladala ya kwenda Mtumba naisikia, nikiosha vyombo naisikia. Angefoka ningejua pa kuanzia: ningemwomba radhi, ningemwachia hela ya soda, yangeisha. Lakini mtu umemvunjia heshima mbele ya vijana wake, naye anakuita baba. Unamjibu nini?

Akasomewa. Akasema hewa imezidi na sumu imezidi kwa pamoja, kwa hiyo kabla hujanunua masega tafuta tobo kwenye bomba. "Si ulituambia kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu? Chumvi inakula chuma." Injini ikiwa inaunguruma, mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene, mwingine asikilize chini panapotoa pumzi. Tobo likiwa mbele ya sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima hewa kwenye moshi, hewa ya nje inapenya, sensa inadhani petroli haitoshi, kompyuta inaongeza, na moshi unazidi kuchafuka. Halafu akauliza kutoka nyumbani hadi kwenye kipimo ni mbali? Dakika tano tu. "Basi umelipeleka la baridi. Masega hayafanyi kazi mpaka yapate moto. Lizungushe barabara kuu nusu saa, ingia nalo likiwa limechemka."

"Sawa sawa," ile ya kukata simu.

Huku kwetu, gari likipungua nguvu, wengi wanang'oa masega, wanaunga bomba tupu, maisha yanaendelea. Fundi wangu hakubali. Husema masega hayajiui, kuna kinachoyaua: oili inayoungua, plagi inayomisi, au eya klina iliyojaa vumbi letu hili mpaka injini inakabwa. Atatafuta hicho kwanza, hata ukimnunia. Ndiyo maana jirani yake ana foleni na yeye ana kivuli.

Juzi ujumbe ukaingia: "Imepita! Kiungio cha bomba kilikuwa kimeliwa na kutu, fundi wa hapa kakiona."

Fundi wa hapa! Niliandika jibu refu, lenye mpaka habari za ndoo ya spana. Nikalifuta. Jioni nikapitia Kizota, nikamwambia gari limepita, nikaishia hapo.

"Lambda ngapi sasa?"

"1.00."

Alicheka mpaka akakohoa. Akawaita vijana wote, akawaeleza upya tobo, sensa, kompyuta, huku akichora kwa chaki kwenye mlango wa kontena, kando ya majina ya wanaodaiwa. Moja kamili! Akaniagiza nimwambie mdogo wangu asisahau plagi. Kumbe aliyekuwa hapati usingizi ni mimi. Yeye wiki nzima alikuwa anasubiri matokeo. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu, nikanunua na zabibu njiani bila hata kubishana bei.

Sasa kuna la mama. Jirani wa Kondoa ananiambia ameuza yule mtamba. Mama hauzi ng'ombe hivi hivi, hata ada zetu alizilipa kwa alizeti. Nimempigia, anasema hakuna shida, mvua tu, na kuku wamepata mdondo. Halafu akaniuliza siku hizi nauli ya kuja Dodoma ni shilingi ngapi, na ile hospitali kubwa Jumamosi wanafungua saa ngapi. Nikamwuliza nani anaumwa, akasema chaji inaisha.